Kunguru Walimjua Mume Wangu

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, watu wa Muyeye, mtaa wetu kule Malindi, walisema nimemuua mavyaa wangu, yaani mama mzazi wa mume wangu. Hawakunipeleka polisi wala hawakunipiga. Walisema tu. Anayedhani kusemwa si adhabu hajasemwa. Leo mimi ni bibi mzima, meno yangu yahesabika, na nikipita Malindi bado wako wazee wanaovuta wajukuu wao karibu wakiniona. Aliyeujua ukweli zaidi yangu alikuwa mtu mmoja, mume wangu, na maneno machache ya kinywa chake yangeniosha. Sikutaka kwake zaidi ya hayo, si nguo, si nyumba, si huruma. Basi nieleze ilivyokuwa, na sina budi kuanza na kunguru, maana bila wale mahasidi tusingefika huko.

Sisemi wale kunguru wetu wa zamani, wenye kifua cheupe kama waliovaa fulana, ambao ukimrushia jiwe mmoja humwoni tena mpaka kesho. Hawa nisemao walitoka Mombasa. Wembamba, weusi, shingo ya kijivu, sauti ya kukwaruza inayoanza kabla hujamaliza sala ya alfajiri. Nilipoolewa, miaka ya themanini ikiwa bado michanga, walikuwa wameshaingia Malindi na kuifanya mali yao. Wakiiba sabuni kwenye jiwe la kufulia. Wakiiba vijiko. Walijenga matundu kwa vipande vya nyaya na spoki za baiskeli, juu ya mti wa mkungu uliokuwa nyuma ya nyumba yetu, na upepo ukivuma vyuma vile vikituangukia uani. Siku moja niliwaona kwa macho yangu haya: mmoja anamvuta paka mkia, paka akigeuka kwa hasira, mwenziwe anaondoka na kichwa cha samaki. Mavyaa akasema, "Hawa si ndege. Hawa ni wezi wameota mbawa."

Yeye ndiye waliyemwonea zaidi. Alikuwa mjane, na kitu chake pekee duniani kilikuwa kuku, mbegu aliyoitoa Magarini ndani ya kikapu cha ukindu, na akiijua nasaba ya kila mmoja kuliko alivyoijua ya jirani zake. Kuku akiangua vifaranga kumi, wiki haiishi wamebaki wawili. Kunguru wakishuka wawili wawili. Mmoja anamchokoza mama kuku mbele, wa pili anapita nyuma. Mavyaa akikaa uani kutwa na fimbo na kopo la kugonga, kanga imemteleza kichwani, akipiga kelele mpaka sauti inakauka. Nilimwona akilia machozi ya kweli kwa ajili ya kifaranga, naye alikuwa mtu asiyelia ovyo.

Nisijifanye malaika. Mavyaa wangu hakunipenda, nami sikumpenda. Alitaka mwanawe aoe binti wa dadake, akaletewa mimi kutoka Mnarani, ng'ambo ya kivuko cha Kilifi. Kila nilichokifanya kilikuwa na kasoro. Tui langu jepesi. Chai yangu maji ya mtaro. Miaka miwili nimeolewa na tumbo liko palepale, ati, labda nimekuja kukaa bure. Nami ulimi ninao, sikuuacha kwetu. Tukijibizana mpaka majirani wanasogeza viti. Na siku moja, mbele ya watu kisimani, nilimwambia, "Utakufa siku moja, nami nipumzike." Nilisema kwa kinywa changu. Wengine huweza kusema neno kama hilo na likapita. Langu liliwekwa.

Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanamume mwenye nyumba. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyeipasua, akaibandua ile ngozi ya manjano, akaikaanga peke yake na chumvi na ndimu, akaiweka kwenye kisahani, akaifunika, na kumngoja mwanawe atoke kazini. Kabla ya hapo alikuwa akimwekea marehemu mumewe, na kabla yake, kwao, babake. Niliwahi kumuuliza kama amepata kuionja. Alinitazama kama niliyetukana. "Mimi? Nionje firigisi? Kwani mimi nina ndevu?"

Mume wangu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya ufukweni. Sitaitaja. Huko nako kunguru walikuwa wameingia. Watalii wakikaa kula asubuhi chini ya miti, kunguru wanatua mezani, wanachukua siagi, wanachukua mkate mkononi mwa mtu. Wakubwa wa hoteli wakachoka. Wakaleta dawa, wakampa mume wangu glavu na kopo, wakamwonyesha namna ya kuipaka kwenye vipande vya nyama na kuvitupa nyuma ya jiko. Akirudi nyumbani akitusimulia kwa majivuno: leo wameanguka kwenye bwawa la kuogelea, leo wameanguka juu ya mwavuli, mzungu mmoja kaangukiwa mapajani. Wengine walikuja kufia mjini. Ukifagia uani unamkuta mmoja kalala chali, miguu juu. Tukawazoea.

Lakini kunguru si mjinga. Haikupita muda wakamjua. Wallahi nawaambia, walimjua uso. Wanaume mia wanapita njiani, hawawagusi. Akitokea yeye, mmoja anapiga ukelele, na wote wanakuja. Wanamfuata kutoka hotelini mpaka mlangoni kwetu, wanamshukia utosini, wanampiga na mbawa. Alinunua kofia, wakaijua kofia. Akabadilisha njia, wakaijua njia. Siku moja aliingia uani amejifunika leso yangu gubigubi, macho tu yanaonekana, na kunguru wako juu ya ukuta wanamzomea vilevile. Mavyaa alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, leo ndiye bi harusi?" Nami nikacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Sikumbuki siku nyingine tuliyocheka sote watatu.

Mavyaa hakuishia kucheka. Kila jioni alimwandama. "Wazungu unawaulia kunguru kwa ajili ya siagi. Mimi mamako wananimalizia vifaranga, wewe unanitazama." Mume wangu akimjibu, "Mama, dawa ile haitoki hotelini. Nikionekana nayo, kazi sina." Yeye anageuza uso, anasema haya, basi, waachie kunguru mamako wamle na yeye. Sikuunga mkono wala sikukataza. Niliona ni maneno yao, mtu na mamake.

Sasa ije siku yenyewe. Nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nalipa siku zangu za Ramadhani, zile ambazo kila mwanamke anazo na anazilipa kimyakimya. Mume wangu alikuwa ameondoka na mapema, amesema kuna wageni wengi, atakula hukohuko na kurudi magharibi. Jua lilipopanda kidogo, kunguru mmoja alianguka juu ya paa la choo. Mwingine akaanguka nje ya ukuta. Nikasema, haya, wale wa hotelini wamekuja kufa. Nikawazoa kwa koleo, nikawatupa.

Saa nne hivi, kuku mwekundu, jike kubwa kuliko wote, akaanza kuzunguka. Shingo imempinda, mbawa zimefunguka, miguu inamkosa. Mavyaa akapiga ukelele uliotoka tumboni. "Kuku anakufa! Wahi kisu! Asife kibudu!"

Msiokulia kwetu hamtajua haraka ile. Mnyama akifa mwenyewe bila kuchinjwa ni haramu, atupwe shimoni. Lakini ukimwahi kabla roho haijatoka, kisu kikapita na jina la Mungu likatajwa, ni halali yako, na hakuna kilichopotea. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukiingia mtaani, nyumba nzima hukimbizana na kuku na visu. Tumekula kuku wa namna hiyo tangu utoto, wala hatukuwa tukiuliza kuku alikuwa na nini. Tukiuliza kitu kimoja tu, mmemwahi?

Na kwetu mwanamke hachinji. Sheria haimkatazi, ila haifanyiki. Nikamkwapua kuku, nikamweka kwapani, kisu mkono wa kulia, nikatoka barabarani kichwa wazi, napiga kelele, "Mwanamume! Mwanamume yeyote! Nichinjieni kabla hajafa!" Jirani yetu seremala akatoka karakanani kwake, maranda yamemjaa ndevu. "Lete, lete!" Akamlaza, akamwelekeza kibla, bismillahi, kisu kikapita, damu ikaruka. "Alhamdulillahi," akasema, "mmemwahi."

Niliporudi na kuku mkononi, mavyaa alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama toka juu hadi chini, kisha akasema, "Leo umefanya kazi." Miaka miwili, na hilo lilikuwa neno jema la kwanza. Nilifurahi, siwafichi. Nilimnyonyoa kuku yule huku naimba moyoni.

Firigisi aliipasua yeye, kama kawaida. Akashangaa. "Kuku huyu kala utumbo wa samaki. Samaki wapi, na leo hatujanunua?" Nikasema labda kunguru wamedondosha. Akaitikia mguno, akaiosha, akaikaanga. Mimi nikapika mchuzi wa nazi. Kufika adhuhuri nilimpakulia wali wake, nikaona anakifunika kile kisahani.

Nikamwambia, "Mama, mwanao leo anakula hotelini. Kula wewe."

"Nile nini?"

"Firigisi. Itakaa mpaka usiku iharibike?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii mzaha. Umewapikia wanaume watatu umri wako wote. Kula moja." Nikaichukua kwa mkono wangu, nikaiweka juu ya wali wake. Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu aliniambia leo umefanya kazi. Nilitaka na mimi nimpe kitu.

Akaitazama. Akatazama mlango, kama msichana anayeogopa kukutwa. Kisha akaimega kwa vidole, akatia mdomoni, akatafuna polepole, akafumba macho. "Kumbe ndiyo hii," akasema, "mlikuwa mkinificha." Hakuwa akisema na mimi. Alikuwa akisema na babake na mumewe, waliokwisha kuzikwa.

Alasiri ilikuwa haijaingia bado. Alianza kutokwa na mate, akasema labda ni ndimu. Kisha jasho. Kisha kutapika, na mwili ukaanza kumtetemeka nyama kwa nyama. Nikamwita seremala, akaleta mkokoteni wa mbao, tukamlaza juu ya mkeka, yeye anasukuma, mimi nashika kichwa. Njiani alinikamata kifundo cha mkono akanivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake. Nilidhani anataka kutoa shahada. Akasema, "Usimwambie mwanangu nimekula firigisi yake."

Hilo ndilo lililomsumbua, jamani. Anakufa, na anaona haya kwa firigisi. Nikamwambia, "Simwambii, mama." Magharibi haijaadhiniwa amekwisha kukata roho hospitalini. Daktari akasema ni kitu alichokula, na tukitaka kujua zaidi maiti ipasuliwe. Nani angekubali maiti ya mamake ikatwe? Tukamrudisha nyumbani, kesho yake akazikwa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifika na mapema kutoka Takaungu. Sikuruhusiwa kumwosha maiti. Alinisimamisha uani, mbele ya wanaume waliokuja kwa maziko, akaniuliza kwa sauti, "Mama alikula kuku?"

"Alikula."

"Wewe ulikula?"

"Sikula. Nilikuwa nimefunga."

"Umefunga? Umefunga nini mwezi huu?"

Alijua. Mwanamke gani hajui? Lakini alitaka niseme mbele ya wajomba na maimamu kwamba nalipa siku za hedhi, na kinywa changu, chenye jibu la kila kitu, kilinisaliti. Nikainamisha kichwa. Basi, kichwa kile kikawa ndiyo ushahidi. Seremala naye alipoulizwa alisema alichokiona: mimi ndiye niliyetoka na kuku na kisu. Hakusema uongo. Na wa kisimani wakalikumbuka lile neno langu.

Siku ya tatu nilikwenda nyuma ya nyumba kufagia, maana ndani kila nilipokaa watu walihama. Juu ya ukuta nikaona utumbo wa samaki uliokauka, una unga wa kijivu. Pembeni, sisimizi wamekufa kwa mstari, kama walivyokuwa wakiandamana. Nikatafuta. Kwenye makuti ya paa la choo, ndani ya mfuko wa nailoni, nilikuta kopo la kakao na glavu za hotelini.

Nikavirudisha palepale, nikamngoja mume wangu. Nilimwita chumbani, nikamwambia nimeona kopo. Hakubisha. Aliteleza kwenye ukuta mpaka akakaa chini, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa ameileta kwa siri, akaipaka usiku wa kuamkia siku ile, ili mamake aamke akute kunguru wamekufa na afurahi. Alitaka kumwambia awafungie kuku. Akaondoka mbio kuwahi kazini, akasahau. Ndiyo hivyo tu, alisahau.

"Wanasema ni mimi," nikamwambia.

"Nasikia."

"Basi toka ukaseme."

"Nikisema leo, watanila. Nimemuua mama yangu mwenyewe. Na hotelini wakijua, nitafungwa." Akanishika miguu. "Nipe mpaka arobaini. Msiba ukishatulia, siku ya hitima, nitasimama mbele yao wote niseme. Wallahi nitasema."

Nikampa. Mpumbavu mimi, nikampa. Nilimwonea huruma, nikadhani alichobeba yeye ni kizito kuliko changu. Siku arobaini nilipika, nikafagia, nikasalimu wakubwa shikamoo wakaitikia kwa mguno, nikalala na kusemwa na kuamka na kusemwa, na kila jua likitua nikijiambia, imebaki hivi, imebaki hivi.

Na kunguru nao hawakunyamaza. Mume wangu hakuwa akienda kazini wakati ule. Akikaa mkekani na wanaume nje ya nyumba, na kunguru wanakuja. Si kwa mwingine. Kwake. Wanajipanga juu ya paa, wanamzomea, anashuka mmoja anampiga utosini mbele ya watu, anarudi juu. Wanaume wakitazamana. Mimi dirishani nikisema moyoni, semeni ndege, semeni, maana hamkuapishwa mnyamaze. Niliona kila mwenye macho ataelewa: huyu amewafanya nini hata wakamjua hivi?

Wakaelewa kivyao. Wifi yangu alisema, "Hawa ndege wametumwa. Amemmaliza mama, sasa anamwendea kaka." Ati mimi! Ati ninao uchawi! Akaletwa mtu akasomea maji, wakayanyunyiza mlangoni pa chumba changu, na mimi, kwa uchungu, nikaangua kicheko. Ndani ya nyumba ya msiba, kicheko. Mume wangu alikuwepo. Angeweza kusema, jamani, kunguru wananijua mimi kwa sumu ya hotelini. Watu wote walijua kazi yake! Alitazama maji yanavyotiririka, akafuta uso.

Siku ya arobaini ikafika. Hitima ikasomwa, ubani ukafuka, watu wakala. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la mlango, nangoja. Mume wangu akasimama. Akakohoa. Akawashukuru waliotoka mbali. Akawashukuru waliochimba kaburi. Kisha akasema, "Na kuhusu mke wangu, nimeamua kumrudisha kwao. Nimempa talaka."

Nilitoka nje. Nilitoka katikati ya wanaume na kanga yangu ya kupikia, nikasema, "Muulizeni kopo la kakao! Muulizeni ameweka nini juu ya ukuta!"

Akanitazama, macho makavu kabisa. "Kopo gani?"

Nikakimbilia choo, nikaingiza mkono kwenye makuti mpaka begani. Hakuna kitu. Ukutani pamefagiliwa, pamemwagiwa maji. Na niliporudi mikono mitupu, kunguru wakamshukia. Watano, sita, mbele ya hadhira yote, wanamrarua kofia. Nikawanyoshea kidole, "Waoneni! Waoneni wanavyomjua!" Na watu wote, badala ya kumtazama yeye, walitazama kidole changu.

Nilivuka kivuko na sanduku langu kurudi Mnarani. Maneno yalikuwa yamevuka kabla yangu. Hakuna aliyenichumbia tena. Watu waliendelea kuniagiza kofia za kushona, ila waliacha kuniagiza chakula cha harusi, ingawa mkono wangu wa pilau ulisifiwa tangu usichana. Harusi ikifika jirani, naalikwa kukaa, siitwi jikoni.

Miaka ilipita, si mingi. Daraja la Kilifi lilikuwa bado halijaisha kujengwa nilipoletewa salamu: mume wangu wa zamani yu mahututi, ini limemwoza, anataka radhi. Kwetu mtu akikaribia kwenda huwaita aliowakosea, na aliyeitwa haachi kwenda. Nilivaa buibui nikavuka. Njia nzima nilikuwa na raha ya ajabu, naona haya kuisema. Nilijua amekaribia pale ambapo hakuna tena hoteli wala kufungwa. Sasa atasema. Na wapo watakaosikia.

Walikuwepo kweli. Wifi yangu kando ya kitanda, seremala mlangoni, wanawake wa mtaa wamejaa sakafuni. Yeye amebaki mifupa, macho ya manjano. Nikakaa. Akaninyoshea mkono.

"Nisamehe," akasema.

"Nikusamehe nini?"

Akawatazama wale watu, mmoja mmoja. Nilimwona anavyowatazama. "Yote," akasema. "Yote tuliyokoseana."

"Yote ni mengi. Taja moja."

Akafumba macho. Chumba kikaanza kunong'ona. Wifi yangu akasema, "Mwanamke, mwenzio anakwenda, wewe unamhoji? Wewe ndiye ungepiga magoti. Mwombe radhi kwa damu ya mamake, angali anasikia."

Alisikia. Macho yakafunguka. Nikamtazama, naye akanitazama, na kwa mara ya mwisho nikamngoja, kama nilivyomngoja nyuma ya pazia. Midomo yake ikatikisika.

"Mimi," akasema, "nilishamsamehe."

Wanawake wakalia kwa wema wake. Mashallah, wakasema, moyo ule. Mimi nikainama, nikaweka mdomo wangu sikioni pake, wakadhani nambusu au namsomea. Nikamwambia, "Mamako alikula firigisi. Ilikuwa yako. Aliniomba nisikwambie."

Nilikaa mpaka nikaona maneno yamemfika. Kisha nikainuka, nikachukua viatu vyangu mlangoni, nikapita chini ya ule mkungu nikaelekea kwenye gari la Kilifi. Kunguru walikuwa wamejaa juu ya paa, hakuna aliyenishughulikia. Mavyaa aliniamini kwa jambo moja tu maishani mwake, na jambo hilo sikumwekea.